UZI: Dubu wanawamaliza samoni mtoni? Swali la mzee wangu wa Kojani

#1 BintiKojani (Wete)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Kusi la mwaka huu limechachamaa. Mzee wangu yuko nyumbani wiki ya tatu hajashusha chombo, na mtu aliyezoea bahari ukimweka barazani kutwa anaumwa bila ya ugonjwa. Wiki iliyopita baada ya Isha nikamfungulia simu yangu, nikamwonesha ile kamera inayorusha picha moja kwa moja kutoka Maporomoko ya Brooks, ndani ya hifadhi ya Katmai huko Alaska, Marekani. Siye tukishaswali Isha, kule ndo kwanza asubuhi, jua limetoka na dubu washaingia mtoni.

Mwezi wa saba ndio msimu wao. Samoni wanatoka baharini wanapanda mto kwenda kutaga, na pale Brooks njia inazibwa na maporomoko. Si marefu, kimo cha mlango wa nyumba, lakini samaki hana pa kupita ila aruke. Juu ukingoni anasimama dubu, miguu yote minne majini, mdomo wazi, hatikisiki. Samaki anaruka, anajikuta kinywani.

Mzee alitazama kimya. Dubu mmoja akamdaka samoni jike, akampeleka hadi kwenye jiwe, akamkandamiza kwa kiganja, akamng'ata kichwa, kisha akaanza kumchuna ngozi kwa meno, polepole, kama mtu anayevua soksi iliyorowa. Tumbo likapasuka, mayai yakamwagika juu ya jiwe, mekundu kama shanga. Akayalamba mpaka jiwe likabaki jeupe. Minofu, ile ambayo siye tungeigombania dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, akaiacha ikachukuliwa na maji.

Mzee akasema: "Huyu kaua mama na watoto wake elfu kwa mara moja. Siye tukimleta chewa mwenye mayai tunaambiwa tunaimaliza bahari. Hawa je, mbona hawajaisha?"

Mie nasomesha sayansi skuli, mwaka wa kumi na moja huu, na sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku ile nasoma kila nikipata nafasi. Naleta hapa nilichokipata, na naomba wenye kujua zaidi wanisahihishe, maana mzee anasubiri jibu na si mtu wa kuridhika na maneno matupu.

#2 Mchuuzi_Darajani

Waalaykum salaam dada. Samoni huyu ndo yule mwenye nyama ya rangi ya chungwa? Wapishi wa mahoteli ya Nungwi huniuliza, nawaambia kwetu hayupo, chukueni jodari. Sasa mie nina swali moja. Dubu anakula ubongo na mayai, nyama anatupa. Hiyo si israfu? Na mla kwa israfu lazima amalize.

#3 BintiKojani

Ni jamii yake kaka. Wengi wa wanaopikwa mahotelini ni wa Atlantiki, wa kufugwa. Hawa wa Brooks ni wa Pasifiki, wanaitwa sokai. Habari ya israfu nitairudia, kwa sababu ndipo palipo na mambo makubwa, lakini kwanza tumfahamu samaki mwenyewe.

Sokai huanguliwa chini ya kokoto za kijito. Akishakuwa kidogo anateremka ziwani, anakaa mwaka mmoja au miwili, halafu anashuka baharini. Huko anakula na kunenepa miaka miwili au mitatu, kisha anarudi. Anarudi mto ule ule aliozaliwa, na mwisho wa safari anaongozwa na harufu ya maji ya nyumbani. Akiingia maji matamu anaacha kula kabisa. Anaishi kwa mafuta aliyobeba mwilini. Mwili unageuka mwekundu, kichwa kinakuwa kijani, dume anaota nundu mgongoni na taya linajipinda kama ndoana.

Jike anachimba shimo kwenye kokoto kwa mkia, anataga, dume anamwaga mbegu, jike anafukia. Hutaga mayai kama 3,000 au 4,000 hivi. Halafu analilinda kaburi lile la mayai kwa siku anazobakiwa nazo, ngozi inamtoka, mapezi yanakatika, mpaka anakufa. Wote wanakufa, dume na jike. Dubu awepo asiwepo, hakuna sokai anayerudi baharini.

Nilipofika hapa mzee akanikata. "Pweza," akasema. Na kweli. Nyote mnamjua pweza jike akishataga: anajifungia pangoni, hali, anayapulizia mayai maji usiku na mchana, na yakishaanguliwa yeye anakufa. Ukimtoa pangoni siku za mwisho ni ngozi tupu.

#4 NahodhaTumbe

Dada yangu, habari ya pweza nimeifahamu, lakini umeliruka swali la mzee. Yule jike wa kwenye kamera kaliwa na mayai yake tumboni. Hajataga. Sasa kufa kwake baada ya kutaga kunamsaidia nini? Nipe hesabu.

#5 BintiKojani

Umenibana pazuri, Nahodha. Haya, hesabu.

Mto Brooks unaingia Ziwa Naknek, na ziwa linatoka kwa Mto Naknek hadi Ghuba ya Bristol. Ghuba hiyo ndiyo yenye sokai wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Mwaka 2022 walirudi samaki milioni 79. Katika hao, mashua za wavuvi zilichukua kama milioni 60, palepale ghubani, kabla dubu hata mmoja hajalowesha kucha.

Sasa dubu. Katmai inakadiriwa kuwa na dubu wa kahawia kama 2,200. Dubu mkubwa, mbabe wa maporomoko, siku za neema anaweza kula samaki zaidi ya 30 kwa siku. Nikazidisha makusudi: kila dubu, hata jike mdogo, nikampa samaki 30 kila siku kwa siku 40. Inakuja milioni mbili na laki sita na kitu. Ukiiweka mbele ya milioni 79 ni kama mtu kuchota ndoo kwenye birika la msikiti.

#6 Mpemba_Naknek

Salaam kutoka mbali, ndugu zangu. Mzaliwa wa Micheweni mie. Misimu mitatu nimepaa samaki katika kiwanda kimoja pale Naknek, kwa hiyo uzi huu umenikuta mwenyewe.

Dada, nia yako njema lakini hesabu yako ina tundu. Dubu wa Katmai hawali samaki wa ghuba nzima. Ghuba ina mito mingi, Kvichak, Egegik, Ugashik, Wood, Togiak, na kila mto una dubu wake. Na upande mmoja wa Katmai unatazama bahari nyingine kabisa, dubu wa huko samaki wa Naknek hawawaoni. Kwa hiyo usiziweke namba hizo mbili kwenye mizani moja.

Jambo la pili, maporomoko ya Brooks yanadanganya macho. Pale mto ni mpana, samaki ni wengi, dubu anapata mmoja mia wanapita. Nenda kwenye kijito, kile unachokivuka kwa hatua nne na maji hayafiki magotini. Nilikwenda siku moja ya mapumziko na mwenyeji wa huko, tukapiga makelele njia nzima ili dubu wasishtuke. Harufu niliisikia kabla ya kuyaona maji. Mizoga kila mahali, kwenye nyasi, chini ya miti, mingine mbali na kijito kama kutoka kwenu barazani hadi kisimani. Wengi kichwa hakipo. Majini walio hai migongo iko nje, wanajiburuza juu ya kokoto kwa tumbo. Samaki wa namna ile hana ujanja wa kumkwepa dubu.

#7 BintiKojani

Ahsante sana kaka yangu, na hesabu yangu naifuta. Umenipeleka penye kiini.

Huko kwenye vijito kuna mtu anaitwa Profesa Thomas Quinn, wa Chuo Kikuu cha Washington. Yeye na wenzake kwa miongo kadhaa wamekuwa wakitembea vijito vya upande wa Wood River kila kiangazi, wanahesabu mizoga mmoja mmoja: huyu kafa kwa uzee, huyu kaliwa na dubu, huyu alikuwa hajataga, huyu keshataga. Na kweli, katika baadhi ya vijito vidogo, miaka mingine, dubu wanaua zaidi ya nusu ya samaki wote walioingia. Nilipomwambia mzee akaguna tu.

Lakini sikilizeni mambo waliyoyakuta. Wengi wa wale waliouawa washataga, wote au kwa sehemu. Jike akiingia kijitoni hutaga katika siku chache za mwanzo, halafu zinazobaki ni za ulinzi na kuchoka. Kadiri siku zinavyopita anakuwa mzito, mdhaifu, rahisi kudakwa. Dubu anamchukua mtu ambaye kazi yake keshaimaliza.

Si wote, Nahodha, hapo nakukubali. Samaki wakiwa tele dubu anachagua, na akichagua anamtaka mbichi, aliyeingia jana, mwenye mafuta na mayai. Hiyo ni hasara ya kweli. Ila nayo ina mpaka, kwa sababu dubu anashiba. Samoni hawaingii mmoja mmoja. Wanajikusanya mdomoni mwa kijito, wanangoja, halafu wanaingia kwa kundi. Tumbo la dubu ni lile lile, wakiingia 500 au 5,000. Wakiwa wengi, fungu linaloliwa linapungua.

Na kuna jambo mie sikulitegemea kabisa. Kijito kikijaa majike, wanaochelewa wanachimba mahali pale pale walipotaga wa mwanzo, mayai ya wenzao yanafukuliwa na kuchukuliwa na maji. Kwa hiyo jike aliyekufa mapema kijito kikiwa kimejaa, nafasi yake haipotei, kuna mwenzake anaichukua. Ikiwa samaki ni wachache ndipo kila jike anayeliwa anaacha pengo.

#8 MtuWaPete

Naomba niingie hapa, maana mnayoyasema yamenikumbusha nyumbani. Mie natoka Pete, ubavuni mwa Msitu wa Jozani. Babu yangu alikuwa na minazi mpakani mwa msitu. Kima punju wakishuka asubuhi wanakaa kileleni wanakula vidaka, wakiondoka chini pamejaa makumbi na vidaka vilivyong'atwa nusu. Babu alikuwa akiviokota anavipanga uani mstari mmoja, anavihesabu, na kila kidaka kwake ilikuwa nazi iliyoibwa. Alimchukia kima mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Miaka ya 1990 watafiti walikuja kuhesabu. Wakahesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizokuja kuanguliwa. Wakakuta minazi inayoliwa sana na kima haikutoa nazi chache, ilitoa zaidi. Mnazi unabeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, vingi vingepukutika vyenyewe, kima anavipunguza vinavyobaki vinashiba. Wazee wa Pete wengi hawakuamini, na mie sikuwalaumu, kwa sababu jicho linaona kidaka kilicholiwa, haliioni nazi iliyokua kwa sababu yake.

Babu hakuwa mwongo. Aliviona vidaka kwa macho yake.

#9 BintiKojani

MtuWaPete, umenitoa machozi kidogo. Nimemsomea mzee maneno yako, naye anaijua minazi.

Alaska nako yalitokea hayo hayo. Kisiwa cha Kodiak, Mto Karluk na ziwa lake. Mwaka 1947 mchunguzi mmoja wa serikali aliona dubu wakiua majike ambao hawajataga, akatoa rai dubu wapunguzwe ili kuwaokoa samaki. Baadaye mwengine akaja ziwa lile lile, akachunguza mzoga kwa mzoga, akakuta wengi wa waliouawa ni wale waliokwishataga. Wakati huohuo viwanda vya kopo vilikuwa vikivua Karluk tangu 1882. Miaka na miaka mamilioni ya samaki yanatiwa kopo, halafu samaki walipopungua lawama ikamwendea dubu, kwa sababu yeye ndiye aliyeonekana na damu mdomoni.

#10 Mchuuzi_Darajani

Haya, mayai nimekubali. Lakini israfu yangu hamjanijibu. Nyama ile inaoza msituni bure.

#11 BintiKojani

Haiozi bure kaka. Hapa ndipo nilipokesha.

Dubu hapendi kula katikati ya wenzake, atanyang'anywa. Anambeba samaki hadi kwenye miti. Akila ubongo na mayai, kinachobaki kinaliwa na ndege, na mainzi wanataga humo, na mabuu wake wanaliwa na ndege wengine. Kilichobaki kinaingia ardhini. Na dubu mwenyewe anakojoa, na sehemu kubwa ya mbolea ya samaki inaingia msituni kwa njia ya mkojo wake.

Watajuaje kama mbolea hiyo ni ya samaki? Naitrojeni ya baharini ina alama yake, ina kiasi kikubwa zaidi cha naitrojeni-15 kuliko ya nchi kavu. Ukipima majani ya mti wa kando ya mto unaikuta alama ile. Mti haujawahi kuiona bahari, na bahari imo kwenye majani yake.

Sasa nisikilizeni habari ya kijito cha Hansen, kule kule kwa Quinn. Kina kama kilomita mbili tu, maji hayafiki hata nusu ya muundi. Watafiti wakishahesabu mzoga walikuwa wanautupa nje, wasije kuuhesabu mara mbili. Wakaamua wautupe upande mmoja tu, kila mwaka. Wakafanya hivyo miaka 20, kuanzia 1997 hadi 2016. Zaidi ya tani 200 za samaki, kwa mkono, ukingo mmoja. Kisha wakatoboa miti ya pande zote mbili wakasoma pete zake za miaka. Miti ya upande uliotupiwa samaki ilikua kwa kasi zaidi ya ile ya ng'ambo.

Nawaza wale vijana, mwaka baada ya mwaka, wanatupa samaki waliooza upande ule ule, na jawabu litakuja baada ya miaka ishirini. Watu wa namna hii nawaheshimu sana.

Na msitu unairudishia mito fadhila. Mti unaweka kivuli, maji yanabaki baridi, ukianguka mtoni unatengeneza vidimbwi ambamo samoni wadogo wanajificha.

#12 Mchuuzi_Darajani

Subhanallah. Basi neno la israfu nimeliondoa.

#13 NahodhaTumbe

Mie bado sijaondoka. Dada, naheshimu usomi wako, lakini nikuulize kama mvuvi. Dubu akiua nusu ya kijito, mnasema hakuna neno, samaki wapo. Mie na wavu wangu wa jarife nikikuta tasi wamekusanyika kutaga, nikiwachukua robo, naambiwa nimeharibu. Hapa haki iko wapi? Au dubu ana ruhusa na Mpemba hana?

#14 BintiKojani

Swali hili nililiogopa tangu mwanzo, kwa sababu ndilo la mzee, na nimelilalia siku mbili kabla ya kuandika.

Nahodha, mzee alimlinganisha samoni na chewa, na hapo ndipo tulipoteleza sote. Samoni jike ana kutaga mara moja tu maishani. Akishataga, siku zake zimekwisha. Kwa hiyo kwake yeye jambo zima ni lini kauawa. Siku moja kabla, amepoteza kila kitu. Siku moja baada, hajapoteza hata yai. Chewa si hivyo. Chewa anaishi miaka mingi na anataga msimu baada ya msimu, na aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, wakishakuwa wakubwa wanageuka madume. Ukimtoa chewa mkubwa anayetaga, hata ukimtoa baada ya kutaga, umeondoa na mayai ya mwakani na ya mwaka wa kesho kutwa. Tasi vivyo hivyo, hafi akitaga, anarudi tena.

Kwa hiyo swali la kuuliza dikoni si "wameuawa wangapi" peke yake. Ni yupi, na keshataga au bado, na akiachwa ataishi kutaga tena au la. Pweza ndiye samoni wetu. Ndio maana Kisiwa Panza wakifunga mwamba miezi mitatu inafaa: pweza hukua haraka, jike anapata muda wa kufika pangoni, na mwamba ukifunguliwa watu wanavua pweza wazito. Kumfanyia chewa hivyo hivyo kwa miezi mitatu, halafu kumvua wote siku ya kufungua, hakumsaidii kitu.

Na jengine. Dubu akishiba anaondoka, anakwenda kulala. Jarife halishibi. Sisemi hivi kwa kukutuhumu, baba yangu amelisha watoto saba kwa jarife na mie ni mmoja wao.

#15 Mpemba_Naknek

Nahodha, nikuambie wanavyofanya huku, kisha uamue mwenyewe. Kwenye mito mikubwa wamejenga minara kando ya maji. Kijana anapanda mnarani, anahesabu samaki wanaopita dakika kumi kila saa, upande huu, halafu upande ule, usiku na mchana msimu mzima. Kila mto una idadi iliyowekwa ya samaki ambao lazima wapite wakatage. Idadi ikichelewa kufika, uvuvi unafungwa, mashua zinalala zimefungwa gatini na samaki wanaonekana wakipita. Ikifika, redio inatangaza, watu wanakimbia. Mashua yenyewe isizidi futi 32. Na ile mitego mikubwa ya kudumu, mithili ya wando zetu lakini ya makampuni, iliondolewa Alaska ilipokuwa jimbo, mwaka 1959.

Samaki wanaopita mnara ndio anaowakuta dubu. Fungu lake limo ndani ya hesabu. Ndo maana hakuna anayegombana naye.

Na msidhani huku kila kitu shwari. Mto Yukon, samoni wakubwa wa aina iitwayo Chinook wamepungua mpaka mwaka 2024 Alaska na Kanada zikakubaliana kufunga uvuvi wake miaka saba. Watu wa vijiji vya kule wameishi kwa samaki yule tangu mababu, leo vibanda vya kukaushia samaki viko vitupu. Huko hakuna mtu aliyemtaja dubu. Wanataja bahari iliyopata joto, na maji ya mto yaliyopata joto.

#16 NahodhaTumbe

Hapo sasa nimefahamu. Kumbe dubu kapangiwa fungu. Siye hakuna anayetuhesabia wanaopita, tunahesabiwa wanaotua dikoni tu. Bwana diko anaandika kilo, nani anaandika waliobaki?

Dada, la chewa kugeuka dume sikuwa nalijua, ingawa nimepaa chewa maisha yangu yote. Wakubwa wote niliopasua miaka hii sikumbuki mara ya mwisho kukuta mayai. Nilidhani ni msimu.

#17 UkhtiMkoani

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye boti. Swali dogo: samaki wenyewe hawajajifunza kitu? Miaka yote wanaliwa.

#18 BintiKojani

Swali lako si dogo, ukhti. Dubu anapenda wakubwa, na katika maji mafupi dume mwenye nundu ndefu anaonekana mgongo wote. Basi kwenye vijito vyenye dubu wengi utakuta madume membamba, nundu fupi. Walio ziwani, penye kina na dubu hafiki, wana nundu kubwa za fahari. Samaki ni wa aina moja, wanatofautiana kwa kijito alichozaliwa kila mmoja. Na penye dubu wanaochukua waliochoka na kuwaacha wabichi, wamekuta samoni wa pale wanachelewa kuzeeka.

Dubu naye ana yake. Mwaka 2014 kule Kodiak joto lilizidi, matunda mekundu ya vichaka vya mlimani yakaiva mapema, wakati ule ule samoni wamo mtoni. Dubu wakaacha mto umejaa samaki, wakapanda mlimani kula matunda. Msimu ule vijitoni samaki walitaga na kufa kwa uzee, na mizoga haikupelekwa msituni kama kawaida.

#19 BintiKojani

Narudi na habari ya mzee, kisha nikalale.

Jana usiku nilimsomea majibu yenu yote, la Nahodha mara mbili. Hakusema kitu. Leo baada ya Isha akaniita, nikamkuta barazani na ubao wake wa bao na simu yangu kaiegemeza kwenye jagi la maji. Kete zote 64 ziko kwenye kikapu. Akaniambia nikae, nisizungumze.

Samoni akiruka akapita juu ya maporomoko, mzee anatia kete shimo la mkono wa kulia. Akidakwa na dubu, anatia la kushoto. Anayeruka akaanguka chini hakumhesabu. Tulikaa hivyo, yeye anahesabu na mie namshikia tochi maana umeme ulikatika, mpaka kikapu kikaisha. Akamimina za kushoto kiganjani. Tano. Zilizobaki, 59, zilikuwa upande wa waliopita.

Akazitazama muda, akazirudisha kikapuni. Akaniuliza wale walioanguka huenda wapi. Nikamwambia wanapumzika dimbwini chini ya maporomoko halafu wanajaribu tena, wengine mara nyingi. Akasema kesho nimtafutie ubao wa pili, kwa ajili ya hao.